Shangazi Anajibu: Mama Anataka Kuyaona Maua ya Table Mountain

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Barani hapa hapa Malindi. Kaka yangu anafanya kazi Cape Town na ametualika, mimi na mama yetu. Mama ana miaka 67. Magoti yanamsumbua, ngazi za ghorofa moja tu humtoa jasho, lakini kwa maua humwambii kitu: uani kwake kuna asumini, waridi, rehani, hata mkilua ameuotesha. Alipoona picha za maua ya Table Mountain kwenye simu ya kaka, alisema hayo anataka kuyaona kwa macho yake kabla hajafa. Kaka anasema twende Desemba watoto wakifunga shule, tupande kwa kebo, kile kibanda kinachovutwa juu kwa waya. Mimi naogopa mlima, baridi na yale magoti. Twende? Na kama ni kwenda, tujiandae vipi? – Binti wa Barani*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, mimi na yeye ni rika moja. Nendeni. Ila msiende Desemba.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda Desemba, kwa sababu hiyo hiyo ya shule kufungwa, maana nilikuwa bado nafundisha. Desemba kule ni kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa upepo wao wa kusini-mashariki. Wenyeji wanauita Daktari wa Cape, kwa kuwa huufagilia mji moshi na hewa chafu. Upepo huo ukiugonga mlima hupanda, ukifika juu hugeuka wingu jeupe linalotandaa kileleni na kuning'inia kingoni kama kitambaa cha meza. Ukilitazama kutoka chini, Subhanallah. Lakini upepo ukizidi nguvu kebo haiendi. Siku tatu mfululizo nilifika kituo cha chini nikakuta pamefungwa. Siku ya nne nikapanda, nikakaa saa nzima ndani ya wingu, nisione hata vidole vya miguu yangu. Na yale maua niliyoyafundisha miaka na miaka kwa michoro ya ubaoni, mengi yalikwisha kukauka na kubaki mbegu.

Miaka minne baadaye nikarudi Septemba. Hapo ndipo nilipoujua mlima ule.

Misimu ya kule iko kinyume na wanavyodhani wengi wetu. Mvua yao huja na baridi, Juni mpaka Agosti. Mvua ikipungua na jua likirudi, ardhi hufunguka: mwisho wa Agosti, Septemba yote, na kuingia Oktoba. Kwetu ni wakati ule kusi inapoanza kulegea na mashua ndogo zinathubutu tena kutoka nje ya mwamba. Kama watoto ni lazima waende, chukueni wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti, maua yatakuwa yameanza. Kama kuna shangazi mtu wa kubaki nao, waacheni, mwende Septemba kwa utulivu. Mimi ningewaacha. Safari hii ni ya mama.

Sasa magoti. Mlima una mita 1,086 na juu ni bapa, ndiyo maana ukaitwa meza, lakini maua ya machipuko hayamlazimishi mtu kufika kileleni. Mahali pawili panamtosha mama kabisa. Pa kwanza ni Signal Hill, kilima kilichoungana na mlima mkubwa upande wa bahari. Barabara ya lami inafika juu, kaka ataegesha gari na mama atashuka hatua chache tu akiwa katikati ya majani. Pa pili ni Kirstenbosch, bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa mashariki wa mlima huo huo. Kuna njia zilizosakafiwa, viti kila baada ya mwendo mfupi, na daraja la kutembea juu ya vilele vya miti, ambalo halina ngazi. Mwezi wa tisa, vitalu vya bustani hiyo hujaa maua ya jamii ya alizeti ndogo, ya chungwa, ya manjano na meupe, mpaka macho yanauma.

Maua hayo yana tabia, na asiyeijua hurudi nyumbani akilalamika. Hufunguka jua likiwaka, hujifunga likifichwa na wingu, tena huelekeza nyuso zake kwenye jua. Kwa hiyo msitoke alfajiri. Fikeni saa nne, ondokeni saa tisa. Na mtembee jua likiwa mgongoni mwenu, hapo maua yote yatakuwa yanawatazama nyinyi. Mkitembea kwa kulikabili jua mtaona migongo yake tu. Nilikutana na watu wa kundi moja waliopita bonde zima hivyo, wakasema hapana kitu. Nikawageuza. Mmoja alilia.

Mchukulie mama kiti kidogo cha kukunja na lenzi ya mkononi, zile za kusomea maandishi madogo. Hili nalisisitiza. Sisi watu wa pwani ua tunalijua kwa pua kwanza: asumini ya kikuba, kilua, mkadi. Maua mengi ya Signal Hill niliyoyainamia hayakunukia, na mengine si makubwa kuliko kitufe cha kanzu. Mtu aliyesimama huyapita. Akikaa kitini, akaweka lenzi, ataona ua la buluu lenye mistari ya zambarau iliyonyooka kuelekea katikati kama njia ya kumwongoza nyuki. Nilikaa na ua moja kama hilo nusu saa, mpwa wangu akidhani nimepatwa na kizunguzungu. Harufu kule iko kwenye majani. Kuna vichaka vinaitwa buchu, ukisugua jani kidogo bila kulichuma, vidole hunukia kitu kati ya rehani na ndimu siku nzima.

Mama akiuliza kwa nini maua ni mengi hivyo, mwelezeni haya, maana mpenda maua huuliza. Uoto ule unaitwa finbosi, neno la Kiafrikana la kichaka chenye majani membamba. Eneo lote la mimea la Cape lina aina 9,000 hivi, na kama asilimia 70 ya hizo hazioti penginepo duniani. UNESCO iliyaingiza maeneo yake ya hifadhi katika urithi wa dunia mwaka 2004. Na udongo wake ni maskini, mchanga wa mawe usio na rutuba! Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi hawakuamini. Kila mmea umejitafutia namna yake ya kuishi. Mbegu za baadhi ya mimea zina kipande cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda, wanaziburura hadi shimoni, wanakula kile kipande na kuiacha mbegu salama chini ya ardhi. Inakaa humo hata miaka, mpaka moto upite. Mbegu nyingi haziamki bila joto la moto au kemikali za moshi wake. Kuna ua jekundu, watu wanaliita yungiyungi la moto, hutokeza kwenye majivu siku chache tu baada ya kuungua. Kwa hiyo mkiona upande mmoja wa mlima umekuwa mweusi, msihuzunike, mwakani huenda ndio utakaochanua kuliko pote.

Mwonyesheni pia mti wa fedha. Kwa asili yake huota karibu peke yake kwenye rasi ile. Majani yake yana vinyweleo laini kama hariri, na upepo ukiyageuza mteremko mzima unametameta. Na protea kubwa, ua la taifa la Afrika Kusini, kichwa chake kinaweza kuwa kipana kama sahani. Ndege anayeyazunguka ni chozi, ndugu wa hawa wetu wanaofyonza maua ya mgomba.

Siku moja ikiwa haina upepo, mpandisheni kwa kebo. Ilifunguliwa mwaka 1929, vibanda vya sasa vinabeba watu 65 na sakafu inazunguka taratibu, kwa hiyo mama atauona mlima, mji na bahari bila kusukumana na mtu. Ni dakika tano tu. Kaka aangalie asubuhi kwenye simu kama inafanya kazi kabla hamjatoka nyumbani. Juu kuna njia fupi za tambarare, na pimbi wanaoota jua juu ya majabali. Msiwape chakula.

Mavazi: mwezi wa tisa usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mchana ni 19 au 20. Kwa mtu wa Malindi hiyo ni baridi. Sweta, koti la kuzuia upepo, soksi, viatu vya raba. Buibui na upepo wa mlimani havipatani, mimi nilivaa suruali ndani ya dira na mtandio niliubana kwa pini nne. Leso moja ya ziada ni ya kufunika magoti ndani ya gari.

Karatasi: pasi ya Kenya haihitaji viza kwa siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023. Cheti cha homa ya manjano kinahitajika, na chanjo ifanywe si chini ya siku 10 kabla ya safari. Kwa mama aliyepita miaka 60, kama hajawahi kuchanjwa, muoneni daktari mapema. Chanjo hii kwa watu wa umri wetu inataka uangalifu, na daktari ndiye wa kuamua.

Na chini ya Signal Hill kuna mtaa wa Bo-Kaap, nyumba za rangi, ambako Waislamu wamekaa tangu enzi za utumwa wa Waholanzi. Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini, ulianza mwaka 1794. Juu ya kilima chenyewe kuna kaburi la walii, wenyewe wanaliita kramat. Mama atasoma Fatiha na maua yako mlangoni. Chakula cha halali hakitawasumbua, na sambusa zao zitamkumbusha nyumbani. Kibla yao ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, si kaskazini wima kama yetu.

*Asalaam alaykum Shangazi. Sisi ni vijana wanne wa Langoni, Lamu. Mwezi wa kumi tutakuwa Cape Town na tunataka kuupanda huo mlima kwa miguu, bila kebo. Tumezoea kutembea mpaka Shela na kurudi. Hayo mazoezi yanatosha? – Wanne wa Langoni*

Waalaykum salaam, wanangu. Hayatoshi. Njia ya Shela ni tambarare na upepo wa bahari unawapepea. Njia ya Platteklip, ambayo ndiyo iliyo wazi zaidi, ni kilomita tatu hivi lakini inawapandisha zaidi ya mita 600, ngazi za mawe mfululizo, na jua linaipiga. Saa mbili hadi tatu kwenda juu. Mwezi mzima kabla ya safari, pandeni vilima vya mchanga vya Shela mara kumi kila jioni, mchanga unaoporomoka utawapa miguu.

Anzeni saa moja asubuhi, kila mtu na lita mbili za maji na koti hata kama mbingu ni safi. Wingu la kule hushuka kwa dakika chache. Likishuka, rudini kwa njia mliyopandia, msitafute njia ya mkato, kwani zipo nyufa zinazoishia kwenye genge. Msiachane. Watu hunyang'anywa kwenye vijia vitupu, na wengine huteguka bila mwenzao kujua.

Mtakapopumzika, kumbukeni kwamba njia hiyo ndiyo aliyopandia António de Saldanha, Mreno, mwaka 1503, na huo ndio upandaji wa kwanza ulioandikwa. Ilikuwa miaka mitano tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga hapa Malindi. Wakhoikhoi walikuwa wakiishi chini ya mlima ule kabla yao wote, na jina linalonasibishwa nao ni Hoerikwaggo, mlima ulio baharini.

*Shangazi, mwanangu yuko huko. Nimemwambia aniletee kijiti cha protea nipande Mambrui. Amekataa, anasema ni haramu. Kweli? – Mama wa Mambrui*

Mwanao kasema kweli. Mlima ni hifadhi ya taifa, hairuhusiwi kuchuma hata jani. Na mmea wowote unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, kwa sababu ugonjwa mmoja unaweza kuja na kijiti hicho ukaua mashamba.

Tena kingekufa, dada yangu. Protea imezoea mvua ya baridi na mchanga mkavu wa kiangazi. Mizizi yake imejifunza kunyonya fosfeti, chakula cha mmea kilichomo pia kwenye mbolea, kidogo kidogo, ukiitia mbolea tunayotia minazi inaungua. Mambrui ina joto na unyevu mwaka mzima.

Mvua za kwanza za masika zikinyesha, nipigie simu kupitia ofisi ya jarida. Katika misitu yetu ya pwani hutokeza ua jekundu la mviringo kama mpira, limejaa sindano za rangi, mara nyingi kabla ya majani yake. Tutachukua viti vya kukunja. Lenzi ninazo mbili.