Kiini cha boti ya faiba: chagua kwa kazi inayofanya

Ukishabandua sakafu ya boti ya zamani ya faiba na kukuta mbao zimegeuka tope, swali linalokuja haraka ni "safari hii niweke nini kisichooza?" Naomba ulisubirishe kidogo. Jiulize kwanza ile mbao iliyooza ilikuwa inafanya kazi gani pale ilipokuwa. Mbao ile ni kiini, yaani kitu kinachojazwa kati ya ngozi mbili za faiba, na ndani ya boti moja ya kasi mna viini vyenye kazi tofauti kabisa, na kinachofaa nyuma penye mashine kinaweza kuwa hasara tupu kwenye sakafu.

Faiba peke yake haivunjiki kirahisi, lakini inanepa. Kiini kinaipa unene bila kuiongezea uzito mwingi. Chukua bapa la faiba, lipasue katikati ya unene wake, kisha weka kiini chepesi hadi unene wote uwe mara 2: ukakamavu unapanda karibu mara 7. Ukifikisha unene mara 4, unapanda karibu mara 37. Ngozi ya juu na ya chini ndizo zinazobanwa na kuvutwa, kiini kinazizuia zisitelezeane. Kwa hiyo kiini kizima kilichobanduka kwenye ngozi hakina faida kuliko kilichooza, na nitalirudia hili nikifika kwenye resini, ile gundi ya maji inayoganda na kushikanisha nyuzi na kiini.

Anza na ukuta wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine. Hapa kiini kinapondwa. Bolti zinakibana kati ya ngozi mbili, mashine inakisukuma mbele, na kila wimbi unalolipiga linakitingisha. Povu jepesi la PVC, lile la kilo 80 kwa mita ya ujazo linalosifiwa sana kwa sitaha, litabonyea chini ya washa za bolti, nati zitalegea, na maji yatapata njia. Mahali hapa panataka plaiwudi ya baharini au ubao wa poliurethani uliotiwa nyuzi za kioo, ule mzito wa kilo 400 na kitu kwa mita ya ujazo.

Kati ya hivyo viwili, wengi huamini ubao wa poliurethani utawapunguzia uzito mkubwa. Piga hesabu. Ukuta wa upana wa mita 1.5, kimo sentimita 60 na unene wa milimita 36 una mita za ujazo 0.0324. Kwa plaiwudi ya kilo 500 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kilo 16 hivi. Kwa ubao wa kilo 416, ni kilo 13 na nusu. Tofauti haifiki kilo 3. Unacholipia kwenye ubao ule ni kutooza, na ni sababu nzuri kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, plaiwudi bora iliyozibwa vizuri si kitu cha kuonea aibu. Boti nyingi zimebebwa na mbao miaka mingi sana, na zilizooza zilioza kwa sababu ya matundu yaliyoachwa wazi.

Sakafu ni habari nyingine. Mita 4 za mraba za plaiwudi ya milimita 12 zina uzito wa kilo 24. Povu la kilo 80 kwa eneo na unene uleule halifiki hata kilo 4. Hapo povu linaanza kustahili bei yake. Ila usisahau kwamba plaiwudi ina nguvu yake yenyewe, povu halina. Sakafu ya povu inataka ngozi ya kweli juu na chini, la sivyo kisigino cha mtu anayeruka kutoka gatini kitaacha kishimo. Sehemu ya uzito uliookoa itarudi kwa njia ya nyuzi na resini, na sehemu ya pesa pia. Popote patakapofungwa kiti, ondoa povu kabla ya kuziba na uweke kipande cha plaiwudi au ubao mzito, kwa sababu povu halishiki skrubu. Piga picha ya vipande hivyo ukiwa na futi ya kupimia kando yake. Ukishaziba hutaviona tena.

Balsa, mbao nyepesi sana, iliyokatwa ili nyuzi zake zisimame wima inastahimili kupondwa kuliko povu jepesi, nayo ni nyepesi, kama kilo 150 kwa mita ya ujazo. Inakunywa resini kwa pupa, kwa hiyo ilowekwe resini kwanza kabla ya kulazwa, vinginevyo itaifyonza ile iliyokusudiwa kuigandisha. Kwa anayeanza sipendekezi balsa kwenye boti ya kasi. Haisamehe tundu hata moja.

Mihimili ya urefu chini ya sakafu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Kata kipande cha mhimili wa zamani utazame unene wa faiba iliyoufunika. Ikiwa ni nene, mbao ilikuwa umbo tu la kufinyangia, na unaweza kuweka povu bila wasiwasi. Ikiwa ni ngozi nyembamba ya milimita 2 au 3, mbao ndiyo iliyokuwa ikibeba boti. Ukiiondoa ukaweka povu na kurudisha faiba ileile nyembamba, umeudhoofisha mhimili. Hapo ongeza tabaka, hasa juu ya mgongo wa mhimili, kwa kitambaa ambacho nyuzi zake zinakimbia kwa urefu wa boti. Na kama mashine ya ndani inafungwa juu ya mihimili hiyo, sehemu ya bolti iwe na kiini kigumu.

Neno moja kuhusu plaiwudi "ya baharini". Kiwango cha BS 1088 kinahusu gundi isiyoachia kwa maji na ubora wa tabaka za ndani. Hakisemi mbao haiozi, na okoume, aina ya mti inayotumika sana kwenye plaiwudi hizo, huoza upesi ikilowa. Tazama kingo za karatasi: ukiona mapengo kati ya tabaka, iache. Chemsha kipande kwa saa moja. Tabaka zikiachana, umepata jibu. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza nazo ziache, kwani mara nyingi huuzwa zikiwa na unyevu na resini haizishiki vizuri.

Sasa resini, ambazo hapa ni mbili, poliesta na epoksi. Poliesta inashika faiba ya zamani vizuri ikiwa umeikwaruza kwa msasa mkali, lakini kwenye mbao mshiko wake ni dhaifu. Usiniamini mimi, jaribu. Bandika ukanda wa nyuzi kwenye kipande cha plaiwudi, acha ncha moja ikining'inia, na ikishakomaa ivute kwa koleo. Ukanda ukiondoka na vijiti vya mbao, gundi imeshika. Ukibanduka safi na kuacha mbao ikiwa nzima, ndivyo utakavyobanduka baharini. Epoksi hupita jaribio hili kwa urahisi, ndiyo maana naitumia kwenye kila kiini cha mbao. Ukiitumia, usinunue mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwakatwa: kigandisho chake kimetengenezwa kiyeyuke kwa staireni iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina staireni. Chukua kitambaa kilichoshonwa. Kumbuka pia kwamba epoksi inashika juu ya poliesta, lakini kinyume chake hakitegemeki. Na povu jeupe la kufungashia (polistireni) usililaze chini ya poliesta kabisa, litayeyuka machoni pako.

Unapolaza kiini, paka gundi nzito kwa mwiko wenye meno, kisha bana kiasi. Gundi itoke kidogo pande zote. Upande usiotoa una pengo. Usikaze hadi gundi yote ikimbie. Fanya kazi hii joto la siku linaposhuka, kwa kuwa kiini kinachopata joto hutoa hewa na kusukuma mapovu ndani ya resini.

Baada ya hapo, kila tundu unalotoboa ni mlango. Kwa bolti ya milimita 10, toboa kwanza tundu la milimita 16, ziba upande mmoja kwa utepe, jaza epoksi iliyotiwa unga wa silika, iache ikomae, ndipo utoboe tundu la milimita 10 katikati yake. Sasa bolti inagusa epoksi tupu, na maji yakipita kando yake hayakuti kiini. Fanya hivyohivyo kwenye tundu la kumwagia maji chini ya tezi, ambako kuoza huanzia mara nyingi kuliko mahali pengine, na ulifanye kabla hujafunga mashine, wakati bado unafika pale kwa mkono.