Sukari yake iko sawa, mbona mishipa imekakamaa?

Ndugu wa Kadutu ameuliza: mama yake ana miaka 58, sukari kabla ya kula ni 88, HbA1c (asilimia ya hemoglobini iliyoshikwa na sukari) ni 5.2 %, tansiyo 168/72, na munganga amesema mishipa imekuwa migumu. Yatokeaje bila kisukari?

Yanatokea sana, Bukavu na kwingineko. Kisukari huharakisha kazi hiyo, lakini kazi yenyewe ina njia nyingine.

Tuanze na tansiyo. 168 toa 72 ni 96. Tofauti ya kawaida ni karibu 40. Ikipita 60, fikiria aorta, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Aorta inayonyumbuka hutanuka moyo unaposukuma, kisha hujirudi na kuendelea kusukuma damu wakati moyo umepumzika. Ikikakamaa, namba ya juu hupanda na ya chini hushuka. Kwa hiyo hiyo 72 isiwafurahishe. Moyo wenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umepumzika, ndiyo maana ni hatari kumwongezea vidonge vya jirani: namba ya chini ikianguka mno, moyo unakosa damu.

Ukuta wa kati wa aorta ni elastini, nyuzi zinazonyumbuka, na kolajeni, nyuzi ngumu. Elastini hutengenezwa hasa utotoni, na mtu mzima haongezi ya maana. Moyo wa mapigo 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka, basi nyuzi zinachoka, vimeng'enya vinazikata, na mzigo unahamia kwenye kolajeni. Hapo sukari ya kawaida nayo inafanya yake. HbA1c ya 5.2 % maana yake ni kwamba hata kwa mtu mzima wa afya, sukari imeng'ang'ania kiasi hicho cha hemoglobini, na chembe nyekundu huishi siku 120 tu. Kolajeni hukaa miaka mingi. Sukari ina muda wa kutosha kufunga uzi kwa uzi, na moshi wa sigara huongeza vifungo hivyo.

Halafu chokaa, yaani kalisi inayoganda kwenye ukuta wa mshipa, na hapa ndipo watu wanakosea zaidi. Haitoki kwenye samaki wadogo, sambaza, mnazokula na mifupa yake, msimnyime mama kwa sababu hiyo. Seli za misuli laini za ukuta wa mshipa, zikilemewa na fosfati au sumu za oksijeni, huwasha RUNX2, protini inayoongoza ujenzi wa mfupa, na kuanza kujenga madini mahali pasipotakiwa. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge na King's College London walieleza hatua moja muhimu. DNA ya seli ikiharibika, kimeng'enya PARP hutengeneza molekuli iitwayo PAR. Seli ikifa, PAR inatoka nje, inakusanya kalisi kuwa matone, matone yanashika kwenye elastini na kolajeni, kisha yanaganda kuwa fuwele. Minosaiklini ilipunguza chokaa hiyo kwa panya wenye figo mbovu. Kwa panya, nasisitiza! Msiende kuinunua kwenye famasi: ni antibiotiki, na haijawa dawa ya mishipa.

Fosfati hupanda figo zikichoka, kwa hiyo mwombeni munganga vipimo vya figo: kreatinini, na protini kwenye mkojo.

Njia ya mafuta ni nyingine, iko kwenye utando wa ndani. Chembe ya LDL, inayobeba kolesteroli kwenye damu, hunasa ukutani, inaoksidika, seli za kinga zinaimeza hadi zinajaa mafuta, na fuwele za kolesteroli zinawasha uvimbe. Lp(a), chembe inayofanana na LDL, nayo ni ya kurithi, kwa wastani iko juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na chakula hakiibadilishi sana. Kipimo chake kikipatikana, kupima mara moja kwa kawaida kunatosha.

Kwenye karatasi ya maabara vipimo vya mafuta ya damu vitaandikwa « bilan lipidique ». Kagua LDL mwenyewe: kolesteroli yote, toa HDL (kolesteroli nzuri), toa trigliseridi (mafuta mengine ya damu) gawa kwa 5, vyote kwa mg/dl. Mfano 236 − 48 − (140 ÷ 5) = 160. Trigliseridi zikipita 400, hesabu hiyo haifai. Iombwe LDL iliyopimwa moja kwa moja.

Tansiyo ipimwe upya vizuri kabla ya kuamua lolote. Akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mkono unaoning'inia vilevile. Mara ya kwanza pimeni mikono yote miwili, kisha fuateni ulio juu, vipimo viwili kwa kuachana dakika 1 au 2.

Jikoni, chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai bila kilima, pamoja na iliyomo kwenye vibonge vya mchuzi. Chumvi nyingi hupunguza oksidi ya nitriki, ambayo ndiyo inayolegeza mshipa. Makayabu, samaki wa chumvi, yakatwe vipande vidogo, yalowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe mara 3 au 4. Maji ya kuyachemshia yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi wa bukari (ugali).