Maswali na Majibu: Kupima Difu ya Nyuma Kabla ya Kuifungua

Swali: Gari langu huvuma upande wa nyuma kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na fundi amekwisha kusema kwamba difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) imekufa. Nitathibitishaje?

Jibu: Kauli hiyo imetolewa mapema mno. Sauti husafiri kupitia bodi na kusikika mbali na chanzo chake, na tairi zilizolika bila usawa huvuma kama difu kiasi cha kumdanganya hata fundi mzoefu. Anza kwa kuendesha kwenye lami laini, kisha kwenye lami yenye kokoto. Mvumo ukibadilika kufuatana na uso wa barabara, shuku tairi, kwa maana difu haijui inapita juu ya nini. Halafu, mahali pasipo magari mengine, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia: beringi ya gurudumu iliyochoka kwa kawaida hubadili sauti uzito unapohamia upande wake.

Ukishahakikisha kwamba si tairi wala beringi ya gurudumu, ndipo difu yenyewe isikilizwe, na isikilizwe katika hali tatu: unapokanyaga mafuta, unapoachia kabisa, na unaposhikilia mafuta kidogo tu ili gari lidumu katika mwendo uleule. Mvumo unaojitokeza katika hali moja na kufifia katika nyingine mara nyingi hutoka kwenye meno ya kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha), kwa sababu kukanyaga huegemeza upande mmoja wa jino na kuachia huegemeza upande wa pili. Mngurumo wa kukwaruza unaodumu katika hali zote huelekeza kwenye beringi za ndani ya difu. Ukiwa wa haraka kuliko mzunguko wa gurudumu, chunguza kwanza beringi za pinioni, kwani pinioni huzunguka mara tatu, nne au zaidi kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kelele inayosikika kwenye kona peke yake ni habari nyingine: hapo hushukiwa gia ndogo za ndani au, katika difu yenye klachi (inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure), oili isiyo na kiongezi chake maalumu.

Swali: Je, naweza kusikiliza nikiwa nimeinua magurudumu ya nyuma na kutia gia?

Jibu: Unaweza, ikiwa ekseli imekaa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki, na magurudumu ya mbele yamezuiwa. Kumbuka kwamba katika difu ya kawaida, gurudumu moja likisimama, la pili huzunguka mara mbili ya mwendo unaosomeka kwenye dashibodi: spidi ya 50 huwa ni 100 kwenye tairi hilo, na ndiyo maana mimi sivuki 50. Ikiwa difu ni ya klachi au ya kufunga, usiinue gurudumu moja peke yake, kwa kuwa lililobaki chini litalisukuma gari kutoka kwenye stendi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lisipimwe hivi.

Swali: Nikiingiza gia ya nyuma husikika kishindo kizito chini ya gari. Je, ni meno ya difu?

Jibu: Huenda yasiwe na hatia. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa, shika propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) uisokote huku na huku ukitazama kila krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha zake. Pande mbili za krosi zikisogea kwa kupishana, umempata mhalifu. Ulegevu unaousikia mkononi ni jumla ya krosi, meno ya maungio ya shafti, gia ndogo na ekseli, kwa hiyo hauwezi kuhukumu kraunwili. Uwazi wa kraunwili, yaani nafasi kati ya meno yake na ya pinioni, hupimwa kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale) iliyogusishwa kwenye jino lake, pinioni ikiwa imeshikwa isizunguke. Katika magari mengi madogo uwazi huo ni kati ya milimita 0.13 na 0.20, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye kauli ya mwisho. Pima sehemu nne za mzunguko: vipimo vikitofautiana sana, kraunwili imepinda au haikukaa sawasawa.

Swali: Baada ya kubadilisha krosi, gari hutetemeka likifika kilomita 100.

Jibu: Pengine shafti ilirudishwa bila alama, ncha zake zikakaa zimepishana. Ukiwa kwenye barabara tupu, weka nyutro: mtetemo ukibaki, injini haihusiki. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde katika mwendo huo, ilhali propela ya difu yenye uwiano wa 4.1 (mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) huzunguka takriban mara 57. Kwa hiyo mtetemo mpana unaosukasuka ni wa magurudumu, na ule wa haraka unaovuma ni wa propela.

Swali: Sili ya pinioni (pete inayozuia oili isitoke) inavuja, na fundi anataka kukaza nati tu.

Jibu: Mkatalie. Katika difu nyingi nati hiyo hubana bushi laini inayopondeka mara moja tu na haitumiki tena, na kuikaza ovyo huzidisha mbano wa beringi hadi zikaungua. Kwanza aangalie kipumulio cha difu (tundu la kutolea hewa), kwa sababu kikiziba, hewa iliyopata joto husukuma oili nje kupitia sili hata kama ni mpya.

Swali: Nimenunua difu iliyotumika. Nitajuaje uwiano wake?

Jibu: Ikiwa ni ya kawaida na ekseli zake zipo, shika upande mmoja usizunguke, zungusha wa pili mara mbili kamili, na uhesabu mizunguko ya pinioni. Kraunwili ya meno 41 na pinioni ya meno 10 zitakupa mizunguko minne na sehemu ya kumi.