Nilimpeleka kijana wangu polisi atiwe adabu. Je, nina dhambi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa hapa Bagamoyo. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 16. Mwezi uliopita aliiba vipande viwili vya nyavu za jirani, akaviuza. Nilishasema naye mpaka nikachoka. Nikampeleka kituoni mwenyewe, nikampa askari elfu kumi ya soda, nikamwambia, "Mtieni adabu kidogo, kesho nitamfuata." Kesho yake nikamkuta kapigwa kwenye nyayo. Alitoka ndala kazishika mkononi, miguu haiingii. Huko ndani alikiri wizi wa nyavu, akakiri na mashine ya boti iliyopotea siku zilezile. Wiki moja baadaye mashine ikaonekana: shemeji wa mwenye boti ndiye aliyeichukua akaiweka rehani. Wenzangu barazani wananiambia nisijisumbue, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe kaamrisha watoto wapigwe wakifika miaka kumi, na vijana wa siku hizi bila mkong'oto hawasikii. Je, dini inawapa polisi ruhusa ya kumpiga kijana aliyekosa? Na mimi nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu yangu, jibu fupi ni kwamba dini haiwapi ruhusa hiyo, na wewe sehemu yako katika jambo hili unayo.

Tuanze na hadithi ya barazani, maana hiyo ndiyo watu wanayoikimbilia. Ni kweli imepokewa na Abu Daud: waamrisheni watoto wenu kusali wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Lakini wanaoitaja huruka kutoka saba hadi kumi kama vile katikati hapana kitu. Katikati pana miaka mitatu. Sala tano kila siku kwa miaka mitatu ni zaidi ya mara elfu tano za kumkumbusha mtoto kwa ulimi kabla fimbo haijatajwa. Na aliyeambiwa apige ni mlezi, anayelala nyumba moja na huyo mtoto, tena kwa masharti: asimjeruhi, asimpige usoni, asipige kwa hasira. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tunaongeza jingine ambalo wengi hawalijui. Adabu ya mzazi au mwalimu imeruhusiwa kwa sharti la salama. Mtoto akidhurika, aliyepiga anabeba dhamana, yaani anawajibika kwa madhara hayo. Hawezi kujitetea kwamba alikuwa akimfunza. Na Bibi Aisha (r.a.) anasema Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa katika jihadi.

Pengine utasema: haki ya kumrudi mtoto ni yangu, nami nimemwakilisha askari, kama ninavyomwakilisha mwalimu wa madrasa. Uwakala una mpaka wake, ndugu yangu. Humpi mtu usichokuwa nacho. Wewe mwenyewe huna haki ya kumlaza mtoto wa dada yako ukampiga nyayo hadi zivimbe, sasa hiyo ruhusa uliyompa askari uliitoa wapi? Isitoshe, mwalimu ana mwanafunzi mbele yake. Askari ana mtuhumiwa, na mtuhumiwa ana hukumu zake.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kisa chako kimenikumbusha kisa kingine kilichomo pia katika Abu Daud. Watu fulani waliibiwa mali, wakawatuhumu wafumaji wa nguo, wakawapeleka kwa Nu'man bin Bashir, Swahaba wa Mtume (s.a.w.), ambaye alikuwa na mamlaka. Akawaweka kizuizini siku chache, kisha akawaachia. Wenye mali wakaja juu: umewaachia bila kuwapiga wala kuwabana? Nu'man akawaambia: mkitaka nitawapiga. Mali yenu ikitokea kwao, sawa. Isipotokea, nitachukua kutoka migongoni mwenu mfano wa nilichochukua kutoka migongoni mwao. Wakauliza, hiyo ndiyo hukumu yako? Akajibu, hiyo ndiyo hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Sasa rudi kwenye ile mashine ya boti. Kijana wako aliikiri, na hakuiiba. Kwa nini akiri? Kwa sababu nyayo zinauma, na neno "ndiyo" linasimamisha kirungu. Ndiyo maana fiqhi yetu haikubali kukiri kwa kulazimishwa. Tena tazama madhara yake: kwa wiki nzima mwenye boti alikuwa ameshapata "mwizi" wake, hana haja ya kuulizia nyumbani kwa shemeji. Na laiti mngelipeleka shauri kwa Nu'man, ule mgongo wa pili ungekuwa wa nani?

Sitakuficha kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana. Wapo, Imam Malik akitajwa miongoni mwao, waliomruhusu mtawala kumpiga mtuhumiwa wa wizi kwa ajili ya maslahi ya watu na mali zao. Imam Ghazali, naye ni Mshafii kama sisi, aliichukua hoja hiyohiyo ya maslahi akaigeuza: na huyu anayepigwa, hana maslahi yake? Huenda hana kosa. Kumwacha mwenye kosa bila kipigo, akasema, ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiye na kosa. Mimi nipo na Ghazali, na sidhani kama waliomruhusu mtawala wangekubali aliyekuwa zamu usiku ule ahesabiwe kuwa ndiye huyo mtawala.

Sisi watu wa Bagamoyo tungepaswa kulijua jambo hili bila kufundishwa. Wajerumani walipokuwa hapa, viboko vilikuwa na jina, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, na vilipigwa kwa kiboko hasa, mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo. Mtume (s.a.w.) katika Bukhari na Muslim anasema asipigwe mtu zaidi ya fimbo kumi, isipokuwa katika hadi, yaani adhabu maalumu, miongoni mwa hadi za Mwenyezi Mungu. Na katika Muslim anataja watu wa motoni ambao yeye hakuwaona, watu wenye mijeledi kama mikia ya ng'ombe, wanawapiga nayo watu. Kila nikifika kwenye hadithi hiyo katika darsa, macho yangu huenda upande wa Boma la Kale. Wajerumani wameondoka. Sioni sababu ya Waislamu kuwapelekea wengine elfu kumi ili kazi iendelee.

Kuna wanaosema, "Lakini ana miaka 16, ameshabaleghe, si mtoto." Kisheria ya dini wamepatia: kwetu kikomo ni miaka 15 ya mwezi mwandamo ikiwa hajaona dalili kabla. Lakini kubaleghe kunamfanya aulizwe sala yake na wizi wake mbele ya mwenye kuhukumu. Hakumhalalishi mgongo wake kwa kila mwenye kirungu. Na kwa sheria ya nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kesi yake ina mahakama yake. Katiba nayo, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumdhalilisha, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Makosa ambayo sheria bado imeyawekea viboko, ni kwa amri ya mahakama baada ya hukumu. Askari akitumia nguvu kumkamata anayepigana naye, hilo ni jambo jingine. Kijana wako aliingia kituoni kwa miguu yake, nyuma ya mjomba wake.

Basi ufanye nini? Ile elfu kumi usiiite soda. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji, na wewe ulinunua kipigo, kwa hiyo toba yako ina mambo mawili. La kwanza ni baina yako na Mola wako. La pili ni baina yako na kijana, na hilo istighfari peke yake haitoshi. Mwombe radhi kwa maneno yanayosikika, nyumbani, si barazani. Mpeleke hospitali miguu itazamwe. Najua wataulizia PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, na fomu yenyewe inatoka polisi. Nenda ukaombe, na uonane na Dawati la Jinsia na Watoto au mkuu wa polisi wa wilaya, ueleze kilichotokea pamoja na sehemu yako. Swahaba Hisham bin Hakim alipowaona wakulima wamesimamishwa juani Sham kwa sababu ya kodi, alikumbusha kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani, kisha akaingia kwa amiri mwenyewe akamweleza, nao wakaachiwa. Usiogope kuingia.

Na wizi je? Wizi upo palepale, kipigo hakikuufuta. Jirani anadai nyavu zake au thamani yake. Kijana afanye kazi alipe, hata kwa kushona nyavu za huyohuyo jirani, hiyo kazi mvuvi unaweza kumfundisha wewe mwenyewe. Ila msubiri kwanza aweze kuvaa ndala.

Wallahu a'lam.