Kwa mnaoanza kuhariri rekodi za Go: shina msiliguse

Jumamosi jioni simu yangu hujaa mafaili ya wachezaji wapya wa Go, ule mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe, toka Sinza, Tabata mpaka Kigamboni, kila mmoja akiomba nimwangalizie mchezo wake. Wengi wenu mnacheza vizuri kuliko mnavyotunza rekodi. Nikifungua faili, sijui kipi kilichezwa kweli na kipi ni wazo lililokuja baadaye, nyumbani, baada ya kufungwa.

Faili la SGF, yaani lile la kutunzia rekodi ya mchezo wa Go, ni mti. Mchezo uliochezwa ndio shina, na kila wazo la pembeni ni tawi. Linalotangulia kuandikwa ndilo programu hulihesabu kuwa shina. Kwa hiyo ile amri ya kupandisha tawi juu msiibonyeze ovyo: atakayefungua faili ataona mchezo ambao haukuwahi kuchezwa, na hatajua.

Lifungueni faili kwenye Notepad walau mara moja. Ni maandishi tu. Kila hatua huanza na nukta-mkato, na tawi hukaa ndani ya mabano. ;B[pd] maana yake Nyeusi kacheza safu ya 16 kutoka kushoto, mstari wa 4 kutoka juu. Ubaoni programu itakuandikia Q16, kwa sababu herufi za pembeni mwa ubao huruka I na namba zake huanzia chini. Ukitafuta Q16 ndani ya faili utakesha.

Faida ya kujua haya utaiona siku kidole kitakapoteleza. Unarekodi mchezo kwa simu, unagusa makutano ya jirani, na unagundua hatua mia moja baadaye. Katika programu nyingi ukifuta hatua moja, zote zilizofuata zinaondoka nayo. Usifute. Nakili faili, fungua nakala kama maandishi, tafuta hatua ile, badilisha herufi mbili. Kisha upitie mchezo wote mpaka mwisho. Kete zilizoliwa zisipolingana na zile mlizokula mezani, umerekebisha pasipo penyewe.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la kuchanganya kucheza na kupanga. Hali ya kuhariri huweka kete kwa alama za AB na AW: hakuna zamu, hakuna namba ya hatua, na hakuna kinacholiwa. Hiyo inafaa kwa kutunga fumbo, au kwa kete za kutanguliziwa, zile anazopewa mchezaji dhaifu kabla ya mchezo, ambapo unaandika HA[4], unapanga kete nne nyeusi, halafu Nyeupe anaanza. Haifai kabisa kuendelezea mchezo. Nikiona kundi limezingirwa pande zote, halina pa kupumulia na bado limekaa ubaoni kama mgeni asiyeaga, najua mtu alikuwa kwenye hali ya kuhariri bila habari.

Sasa matawi. Tawi liwe na swali, na swali liandikwe kwenye maelezo ya hatua yake ya kwanza: “Nikikata hapa, kona yangu inapona?” Fuata mpaka jibu lionekane, kisha acha. Tawi la hatua 30 lisilo na neno hata moja silisomi, na nadhani wewe mwenyewe hutalielewa mwezi ujao. Kama unalinganisha sehemu tatu tu, bandika herufi A, B na C kwenye makutano matupu, uandike maelezo mafupi. Tawi ipe ile inayohitaji kusomwa kwa kina.

Zoezi zuri ni mchezo wa nne wa Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, na programu ya AlphaGo, Machi 2016. Lee alikuwa Nyeupe, na hatua yake ya 78 ndiyo inayokumbukwa. Simama kwenye 77, fungua tawi, cheza yako na useme kwa nini. Ndipo uendelee na shina.

Mashine ije mwisho. KataGo, programu ya kuchambua michezo, itakumwagia matawi kuliko unavyoweza kusoma, na ukiyahifadhi yote, mawazo yako yatapotea humo. Andika yako kwanza, kisha uchukue tawi moja au mawili ya mashine pale mlipopishana. Kabla ya kuiwasha, kagua KM (komi, alama anazofidiwa Nyeupe kwa kuwa Nyeusi huanza) na RU (kanuni mlizochezea) kule mwanzoni mwa faili. KM[0] ikibaki pale kwa kusahau, mashine itaona Nyeusi anaongoza kwa alama kama sita au saba kabla ya kete ya kwanza, na asilimia zote utakazosoma zitakuwa za mchezo mwingine. Kwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro itakwenda polepole, na kwa joto la Februari hapa Dar, feni yake utaisikia toka sebuleni. Hifadhi kila baada ya muda. Luku haitoi taarifa kwa programu.

Mkinitumia, tumeni faili lenyewe, si picha ya skrini. Ni kilobaiti chache, bando haliumii. Jina lianze na tarehe, na PB na PW, yaani majina ya Nyeusi na Nyeupe, zijazwe. Majibu yangu nitayaweka kama tawi chini ya swali lenu, likianza na herufi za jina langu. Ya kwenu sitayafuta, hata yakiwa ya ajabu.