Maswali Yenu ya Dini: Mkopo wa Giza, na Hukumu Inatoka Wapi

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadh. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kabla giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa kwa taa, halijaingia huwa nampa tajiri mmoja wa mitumbwi kule Ukerewe shilingi laki tano za mafuta, taa na chakula cha wavuvi. Giza likiisha ananirudishia laki tano yangu kamili. Tumekubaliana pia kwamba dagaa wake wote aniuzie mimi, kila gunia kwa elfu tano chini ya bei ya soko. Kaka yangu anasema Qurani haijataja dagaa wala magunia, kwa hiyo hakuna haramu hapo. Jirani yangu wa kibanda anasema jambo ambalo Mtume hakulianzisha ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Shemeji anasema masheikh wenyewe hawaelewani, kila mtu afanye anavyoona. Nimechoka kusikiliza. Hukumu ya sharia inatoka wapi hasa, na hela yangu ni halali?
Mama wa Dagaa, Kirumba

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nimekulia Nansio, mtoto wa mvuvi wa karabai, na naijua hali ya tajiri wa mitumbwi mbalamwezi inapokwisha: mtumbwi umelala ufukweni, vijana wako kambini wanasubiri, na hela ya mafuta hana. Anayempa hela siku hiyo amemwokoa. Kwa hiyo sikuoni kuwa mtu mbaya. Lakini makubaliano hayo, kwa namna mlivyoyafunga, hayafai, na ile elfu tano ya kila gunia ni riba. Tuone sasa hukumu hiyo imetoka wapi, maana ndilo ulilouliza.

Tunaanza na Qurani, daima. Kaka yako amesema kweli kwamba dagaa hawakutajwa. Hata mchele haukutajwa, wala mahindi, wala simu tunazotumiana hela. Ila Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 275, kwamba amehalalisha biashara na ameharamisha riba, na hakubagua bidhaa. Katika Suratun Nisai, aya ya 29, ametukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Kila mkataba unaofungwa Mwaloni, uwe wa dagaa, sangara au mabondo, unapimwa kwa aya hizo. Kaka yako ametafuta jina la kitu katika Kitabu, akaacha kutafuta hukumu ya tendo lenyewe.

Chanzo cha pili ni Sunna: maneno ya Mtume (S.A.W.), matendo yake, na yale yaliyofanyika mbele yake akayaridhia. Qurani imetuamrisha kusimamisha sala, lakini rakaa nne za adhuhuri tumezipata kwake, naye ndiye aliyetwambia tusali kama tulivyomwona akisali. Katika biashara ni vivyo hivyo. Abu Daudi na Tirmidhi, wakusanyaji wa Hadithi, wamepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr kwamba Mtume amesema si halali mkopo pamoja na mauzo. Isome tena barua yako, dada. Laki tano inarudi kamili, basi huo ni mkopo. Magunia yanauzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya mkopo huo, na tajiri hana ruhusa ya kumuuzia mwingine hata akipewa bei nzuri zaidi. Hilo ndilo alilolikataza Mtume.

Wanazuoni wa umma wakikubaliana wote juu ya hukumu, baada ya zama za Mtume, makubaliano hayo huitwa ijmai, na ndiyo chanzo cha tatu. Mwanachuoni Ibn al-Mundhir, aliyefariki karibu mwaka 318 Hijria, amenukuu kwamba wamekubaliana hivi: mkopeshaji akishurutisha nyongeza au zawadi juu ya mkopo wake, kuipokea ni riba. Bila shaka umewahi kusikia kwamba kila mkopo unaovuta manufaa ni riba. Wengi huisema kauli hiyo kama Hadithi ya Mtume. Sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Kinachoipa nguvu ni ijmai hiyo. Naligusia hili kwa sababu katika mihadhara yetu kila kauli nzuri siku hizi hupewa Mtume, na kumsemea Mtume ni jambo zito mno.

Sasa nije kwa jirani yako, maana kauli yake inawazuia watu wengi riziki ya halali. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia tende kabla hazijavunwa, mwaka mmoja na hata miwili mbele. Biashara hiyo hakuianzisha yeye. Aliikuta, akaiacha, akaiwekea mipaka: anayelipa kabla, na alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Biashara hii ya kulipia kabla ndiyo salam. Ibada hatuzibuni, hapo jirani yako yuko sawa. Biashara asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza.

Salam ilizungumzwa kwenye tende. Je, inafaa kwenye dagaa wakavu? Hapa ndipo kinapoingia chanzo cha nne, kiyasi. Mwanachuoni anaitazama hukumu iliyomo kwenye nassi, yaani maneno ya Qurani au Hadithi, anatafuta sababu iliyoibeba, yaani illa, kisha anaangalia kama sababu hiyo ipo kwenye jambo jipya. Tende zilikubaliwa kwa kuwa zinapimika, sifa zake zinaelezeka, na hupatikana sokoni muda ukifika. Dagaa waliokaushwa vizuri wana yote hayo. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, alishikilia sana kwamba kiyasi kisimame juu ya Kitabu na Sunna, wala mtu asihukumu kwa kupendezwa tu na jambo. Vyanzo hivi havikuwekwa ili kila mtu achague kinachompa faida. Vina mpangilio, na cha chini hakipingi cha juu. Kiyasi chenyewe ni kazi ya waliosoma, wanaozijua aya, Hadithi na Kiarabu chake. Mimi na wewe tunauliza.

Kuna na desturi ya watu, urfu, ambayo mafakihi, wanazuoni wa sharia, huitegemea pale ambapo nassi haikutaja kiwango. Gunia ni kiasi gani? Soko letu linajua gunia la kawaida, na linajua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Mkiandika "gunia" peke yake, mtagombana siku ya kupokea. Andikeni kilo. Na lumbesa anayolazimishwa muuzaji bila ridhaa yake, mimi siioni mbali na onyo la Suratul Mutaffifin kwa wale ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza.

Shemeji yako nimjibu kwa ufupi. Wanazuoni wametofautiana, ndiyo. Kwa mfano, Shafii anataka hela yote ya salam itolewe pale pale kwenye kikao cha mkataba. Imamu Malik anaruhusu ichelewe siku tatu. Lakini katika mkopo ulioshurutishiwa manufaa hawakutofautiana, na tofauti zao kwenye jambo moja hazikupi ruhusa kwenye jingine.

Ufanyeje basi? Giza lijalo, usimkopeshe. Nunua kwake. Mpe laki tano kama bei kamili ya dagaa wakavu wa kilo kadhaa mtakazokubaliana, waliokaushwa kwenye chanja na si mchangani, wafikishwe Mwaloni tarehe fulani. Bei ikiwa chini ya ile ya soko la siku hiyo hakuna ubaya, kwa sababu umelipa mapema na hela hairudi. Usishurutishe kwamba watoke kwenye mtumbwi wake. Ziwa likichafuka au mtumbwi usipopata kitu, anunue kwa mwingine akuletee. Akishindwa kabisa, una hiari ya kusubiri au kurudishiwa laki tano yako, bila senti ya ziada. Muandike na muweke mashahidi, kama inavyoagiza aya ya 282 ya Suratul Baqara. Na kama unataka kushiriki faida na hasara ya mtumbwi, hiyo ni sharika, yaani ubia, ina masharti yake. Njoo na tajiri wako tukae nayo.

Yaliyopita, tubu kwa Mola wako. Kama bado kuna mkopo mkononi mwa tajiri, chukua rasilimali yako tu, kwa aya ya 279 ya sura hiyo hiyo: hamtadhulumu wala hamtadhulumiwa.

SWALI: Jirani yetu ni Khoja Ithnaashari, wa madhehebu ya Shia, hali kambale kabisa. Sisi tunamla kila wiki. Nani amekosea?
Msomaji, Igoma

JIBU: Kwetu kambale ni halali. Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha mavuvi ya bahari, na Suratu Fatir, aya ya 12, imetaja bahari mbili, ya maji matamu na ya chumvi, kwamba mnakula nyama laini kutoka zote mbili. Basi na ziwa letu limo. Mtume naye amesema juu ya bahari kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Jirani yako anafuata riwaya za Maimamu wa Ahlul Bayt, yaani watu wa nyumba ya Mtume, zinazotaka samaki awe na magamba. Kwa Waithnaashari mapokezi ya Maimamu yamo ndani ya Sunna, na chanzo chao cha nne ni akili, si kiyasi. Hakujibunia. Endeleeni na kambale wenu, na siku mkimwalika mpikieni sato.