Engaruka kwa siku moja kutoka Arusha

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kwenda magofu ya Engaruka, apite mji mdogo wa Mto wa Mbu, na alale Arusha siku hiyohiyo. Anaweza, ila aondoke alfajiri. Kutoka Mto wa Mbu ni kama kilomita 60 za vumbi kuelekea Ziwa Natron, na mvua ikinyesha makorongo yanafunga njia. Gari la chini kama Noah liache nyumbani.

Mwongozaji chukua wa palepale kijijini. Bila yeye utaona mawe tu urudi unalalamika. Naye atakusimamisha kwenye mstari wa mawe ambao ungeuruka bila kuutazama, kumbe ni mfereji: unateremka taratibu kutoka mtoni na kugawa maji kwenye vijishamba vilivyozungushiwa mawe. Ukiinua macho, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa kuna vijukwaa vya mawe, ndivyo vilivyobeba nyumba za wakazi wa zamani. Watu walilima hapo tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18, mtama ukiwemo, kisha wakahama. Wapo wanaowahusisha na Wasonjo, kabila la upande wa Ziwa Natron, ambao nao ni mafundi wa mifereji. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika kuchunguza mwaka 1935. Anayekwambia ni mahekalu anakuuzia tu. Yale ni makazi na mashamba.

Mto wa Mbu weka wakati wa kurudi: soko, ndizi nyekundu, mbege kama si wewe dereva. Saa moja inatosha.

Kofia na maji usisahau, magofuni kivuli ni cha kutafuta.